Akisema "sawa" kwa huruma tu, hiyo ni ridhaa au ni nini?

#1 Mchokonozi
Heshima kwenu wakuu. Naleta swali ambalo limenikaa kichwani wiki ya pili sasa.

Watu wazima wawili. Hakuna aliyeshikiwa panga, hakuna aliyelewa, hakuna bosi na mfanyakazi wake. Mmoja anaomba, mwenzake anasema "sawa". Ila hiyo sawa imetoka kwenye huruma. Au kwenye kujisikia vibaya kwa sababu jana alikataa. Au kwenye woga, na si woga wa kupigwa, ni woga wa kununiwa siku tatu. Sheria ikipita hapo haioni kitu. Maadili je?

Hoja yangu, na najua nitashambuliwa: tumezoea kupima neno lililotoka mdomoni, wakati kinacholifanya tendo liwe safi au chafu ni hisia iliyolizaa lile neno. Lugha yetu inalijua hilo kuliko sisi. Ridhaa, kuridhia, kuridhika, radhi, vyote shina moja. Aliyeridhia bila kuridhika ameridhia nini?

Wenye kujua wanafalsafa walisema nini, tiririkeni.

#2 Utingo
Nimekaa paleee nasubiri wataalamu.

#3 Kipanga
Mtoa mada unatafuta ugonjwa usiokuwepo. Hisia haziko mikononi mwa mtu, zinakuja zenyewe kama chafya. Nikipiga chafya nimemkosea nani? Maadili yahukumu matendo, basi. Kasema sawa, ana akili timamu, habari imeisha. Tukianza kuchimba kila sawa imetoka kwenye chumba gani cha moyo, hakuna atakayemgusa mwenzake tena duniani.

#4 Tafakuri
Kipanga, hoja yako ya chafya ina miaka kama elfu mbili, na jibu lake lina umri huohuo.

Wastoa, wanafalsafa wa kale wa Ugiriki na Roma, walishikilia kwamba hisia ni hukumu. Ukikasirika, tayari umeshaamua kwamba umeonewa na kwamba aliyekuonea alipe. Seneca, kwenye kitabu chake cha hasira, anaigawa safari hiyo mara tatu. Kwanza kuna mshtuko unaokuja wenyewe, kama mtu anavyosisimka akimwagiwa maji ya baridi. Huo hauna hatia. Kisha akili inaukubali ule mshtuko, inasema "ndiyo, ni kweli". Mwisho breki zinakatika. Chafya yako inaishi kwenye mshtuko. Ashiki, wivu na huruma vinaishi pale akili inapoitikia. Jicho likimwona mtu mzuri likashtuka, sawa. Ukikaa ukajiambia "huyu ni haki yangu", hiyo si chafya tena mkuu, umeshatoa hukumu.

#5 Zulia
Lakini si Aristotle alisema akili ni mtumwa wa hisia? Kwa hiyo Kipanga yuko sahihi kiasi chake.

#6 Tafakuri
Huyo ni David Hume, kwenye kitabu chake kikubwa kuhusu maumbile ya binadamu, kilichotoka 1739 na 1740. Aristotle alikuwa upande mwingine kabisa: hisia zinafunzika. Kwake mtu mwema hatendi vizuri tu, anahisi linalostahili, kwa mtu anayestahili, wakati wake na kwa kiasi chake. Anayetenda haki huku moyoni ananung'unika, bado hajafika.

#7 Zulia
Nimekubali. Hume, Aristotle, wote wazee wa ndevu.

#8 Kengewa
Hume hakuwa na ndevu. Tazama picha zake, shavu kama la mtoto.

Halafu kwenye kitabu hichohicho kuna kipande ambacho wengi wanakiruka, anazungumzia mapenzi ya mwanamume na mwanamke. Anasema kile tunachokiita kitu kimoja ni mchanganyiko wa vitatu: raha ya kuona uzuri, hamu ya mwili, na ile hali ya kumtakia mwenzako mema. Hamu ya mwili na kutakiana mema viko mbali sana, anasema, ndiyo maana uzuri unakaa katikati ukiviunganisha. Mimi nakiona kipande hiki ni cha kweli kuliko vitabu vizima vilivyokuja baadaye. Mtu anaweza kuwa na hamu bila kukutakia mema hata kidogo. Na anaweza kukutakia mema mpaka basi, hamu hakuna. Huyo wa pili ndiye "sawa" ya mtoa mada.

#9 Fundi Saa
Kengewa umewahi, nami niongeze Kant, maana ndiye aliyetisha watu zaidi. Kwenye mihadhara yake ya maadili, ambayo tunaijua kupitia madaftari ya wanafunzi wake, anasema hamu ya mwili peke yake inamgeuza mtu kuwa kitu. Ukishamaliza shida yako unamtupa kama limau lililokwisha kukamuliwa. Dawa yake, aliyoiandika 1797, ni ndoa tu: mimi nakumiliki wewe, wewe unanimiliki mimi, kwa usawa, kwa hiyo nikijitoa kwako najirudishia mwenyewe kupitia kwako.

#10 Utingo
Hesabu za mtu ambaye hakuwahi kuoa hizo.

#11 Fundi Saa
Utingo, kweli hakuoa. Lakini hoja haifi kwa sababu msemaji alilala peke yake.

#12 Kipanga
Basi nami nina wangu. Alan Goldman, 1977. Anasema hamu ya mwili ni hamu ya kuugusa mwili wa mwingine na raha inayotokana na kuugusa, nukta. Haina lazima ya kubeba mapenzi, watoto wala ujumbe wowote. Na hakuna maadili maalumu ya kitandani. Usidanganye, usilazimishe, usiumize, sheria zilezile za sokoni na barabarani. Nyie mnataka kumpa kitanda katiba yake.

#13 Mama Pacha
Mimi si msomi wa hao wazee. Ila niliishi kwenye hiyo sawa ya mtoa mada miaka sita, kwa hiyo niruhusuni.

Mume wangu hajawahi kunilazimisha. Hajawahi hata kupandisha sauti. Akiomba nilikuwa nasema "haya". Si ndiyo, si sawa, ni ile "haya" ya mtu anayeongezewa kazi saa ya kufunga ofisi. Nilikuwa namwonea huruma, anafanya kazi sana, na nilikuwa nampenda. Bado nampenda. Sikuwa na chuki wala maumivu. Nilikuwa sipo tu.

Siku moja taa imeshazimwa, akaiwasha tena. Akaniuliza, "Mkono wako una nini?" Nikatazama. Mkono wa kushoto ulikuwa umelala kando yangu, kiganja juu, vidole vimelegea, mshipa wa ndani ya kiwiko uko wazi. Kama mtu anayesubiri kutolewa damu. Wallahi sikujua kwamba nauweka hivyo. Yeye alikuwa anauona, sijui kwa miaka mingapi, na siku hiyo ndiyo aliuelewa. Akakaa kitako. Akavaa fulana yake, akaivaa nje ndani, akaenda kulala kwenye kochi. Hakununa. Asubuhi akasema kitu kimoja tu: "Nilidhani wewe ni mtu wa kimya."

Sasa wasomi niambieni. Alinikosea? Mimi naona hapana. Nilimkosea? Labda, maana nilimdanganya kwa adabu zote. Lakini kuna kitu kibaya kilikuwa kinatokea mle chumbani miaka sita na hakina mwenyewe.

#14 Utingo
Nimeweka simu chini kwanza.

#15 Mchokonozi
Mama Pacha asante. Hilo la "hakina mwenyewe" ndilo nililokuwa nalitafuta nikakosa maneno yake.

#16 Fundi Saa
Mama Pacha, kuna mwanasheria wa Marekani, Robin West, aliandika 1995 juu ya jambo karibu na hilo: madhara ya tendo lenye ridhaa. Hasemi ni ubakaji, na hataki polisi waitwe. Anasema mtu akikubali mara kwa mara asichokitaka, kamba inayofunga kutaka kwake na kutenda kwake inakatika uzi mmoja mmoja. Mwisho hajui tena anataka nini, hata nje ya chumba. Ubaya wake ni kwamba hakuna anayelalamika, maana "ulikubali mwenyewe".

Na hapa ndipo wanafalsafa wenyewe wamegawanyika. Ridhaa inatokea wapi, moyoni au mdomoni? Heidi Hurd mwaka 1996 alitetea moyo: ridhaa ni hali ya ndani ya nia, maneno ni ushahidi tu. Alan Wertheimer kwenye kitabu chake cha 2003 alitetea upande wa pili: ridhaa ni kitendo, lazima ionyeshwe, kwa sababu kazi yake ni kubadilisha haki za mtu mwingine, na huwezi kubadilisha haki za mwenzio kimyakimya kichwani. Kila upande una shimo lake. Ukisema moyo, mume wa Mama Pacha anakuwa mkosaji bila kujua. Ukisema mdomo, ile "haya" inapita kama risiti halali.

#17 Kipanga
Ndiyo maana nasema mdomo. Huyo mume angejuaje? Awe anasoma viganja?

#18 Mama Pacha
Kipanga, si ndivyo alivyofanya?

#19 Zulia
😂😂 Kipanga amekula kona.

#20 Ibn Bahari
Assalaam alaykum. Mchokonozi amegusa shina la neno, acha nilifuate mpaka lilikotoka.

Ridhaa tumeitoa Kiarabu, na huko maana yake ya kwanza ni kuwa radhi, moyo kutulia na jambo. Qur'ani 4:29 inapozungumzia mali inataja biashara ya kuridhiana. Wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi walipofika kwenye mlango wa kulazimishwa wakatenganisha vitu viwili ambavyo nyie mnavichanganya tangu post ya kwanza: hiari ya kuchagua, na radhi. Aliyetishiwa akatia saini amechagua, maana alilinganisha mabaya mawili akachukua jepesi. Hiari ipo. Radhi haipo. Kwa hiyo kwao "alichagua mwenyewe" si jibu la swali "aliridhia?".

Nisiwasingizie wazee lakini. Walikuwa wanazungumzia vitisho vya kuuawa, kupigwa, kufungwa. Kununiwa siku tatu ni nyongeza ya mtoa mada.

#21 Jicho la Tatu
Shule nzuri Ibn Bahari, ila mimi na falsafa za kamusi hatupatani. Neno lilikotoka halitwambii jambo lilivyo. Wenzetu wa Kilatini wana neno la ridhaa ambalo ukilipasua linasema "kuhisi pamoja", na halijawazuia kuhisi mbalimbali karne zote hizo. Kukubali nako kumetoka Kiarabu, maana yake ni kupokea. Sasa tuseme aliyekubali amepokea mzigo?

#22 Ibn Bahari
Kwa "haya" ya Mama Pacha, ndiyo. Alipokea mzigo.

#23 Jicho la Tatu
Hapo umenipata, lakini sijakubali. Wala sijaridhia.

#24 Nungunungu
Mnazunguka bure wakuu. Mdomo unadanganya, moyo hauonekani, ila MWILI haudanganyi. William James aliandika 1884 kwamba hatulii kwa sababu tuna huzuni, tuna huzuni kwa sababu tunalia. Hisia ni mwili kujisikia wenyewe. Kwa hiyo ukitaka kujua kama mtu anataka, tazama mwili wake umeitikaje. Ukiitika, anataka, aseme asiseme.

#25 Muuguzi wa Usiku
Nungunungu hapana. HAPANA. Futa hiyo kabla mtu hajaisoma akaitumia.

Mwili kuitika na mtu kutaka ni vitu viwili, na hilo limepimwa. Meredith Chivers na wenzake walikusanya tafiti nyingi pamoja mwaka 2010: wakalinganisha vipimo vya mwitiko wa mwili na kile mtu mwenyewe anachosema anahisi. Uwiano (1 ni kulingana kabisa, 0 ni kutolingana) kwa wanaume ulikuwa 0.66, kwa wanawake 0.26. Yaani hata kwa wanaume mwili na moyo havitembei sambamba kabisa, kwa wanawake vinasalimiana kwa mbali. Mwili unaweza kuitika wakati mtu anadhalilishwa. Wapo walionusurika ambao wameishi na aibu miaka mingi kwa sababu tu mwili uliitika, wakaamini kumbe walitaka.

Na kimya nacho si ndiyo. Stockholm waliwauliza wanawake 298 waliofika kliniki ya dharura baada ya kubakwa. Asilimia 70 walieleza kwamba wakati ule waliganda kwa kiwango kikubwa, mwili ukawa kama gogo. Utafiti ulitoka 2017. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Julai 2018, sheria mpya ya Sweden ikaanza kutumika: swali si tena kama kulikuwa na nguvu au vitisho, ni kama mtu ameshiriki kwa hiari.

James alikuwa anaeleza hisia zinavyotokea. Hakuandika kibali cha mtu kumsoma mwenzake kama kipimajoto.

#26 Nungunungu
Dah. Nafuta kauli, na samahani kwa yeyote aliyeguswa. Kweli sikuwa najua.

Ila basi nawapa nyingine: lile jaribio la daraja Canada. Wanaume walivushwa daraja la kamba linaloyumba, wakakutana na dada mrembo wa utafiti, wote wakampigia simu. Woga uligeuka mapenzi.

#27 Kengewa
Wote? Punguza chumvi. Ni Dutton na Aron, 1974, daraja la Capilano. Kwenye lile la kutisha wanaume 18 walichukua namba ya yule dada, 9 wakapiga. Kwenye daraja la chini lililo imara walichukua 16, wakapiga 2. Watu wachache hao, siwezi kujengea nyumba. Na watafiti wenyewe walieleza kwamba moyo ulikuwa unadunda kwa urefu wa daraja, mtu akadhani unadunda kwa dada.

Lakini hata tukiliamini nusu, linamchoma mtoa mada. Kama mimi mwenyewe naweza kukosea kuisoma hisia yangu nikaita woga "hamu", hisia itakuwaje hakimu wa maadili? Hakimu gani hajui jina lake?

#28 Mchokonozi
Kengewa hilo limenilaza macho. Jibu langu la haraka: hata macho yanakosea na bado tunayatumia kuvuka barabara. Jibu langu la polepole bado sina.

#29 Bwana Kinyaa
Tuongee kinyaa basi, maana hiyo ndiyo hisia inayofanya kazi ya uhakika. Kuna vitu watu wanafanya faraghani ukivisikia tu tumbo linageuka. Tumbo haliongopi. Haihitaji Aristotle.

#30 Tafakuri
Ulichosema kina mtetezi mwenye wigi. Lord Devlin, jaji wa Uingereza, mhadhara wa 1959. Miaka miwili kabla, kamati ya Wolfenden ilikuwa imependekeza wanaume wazima wanaolala pamoja kwa hiari faraghani wasishtakiwe. Devlin akajibu kwamba jamii ina haki ya kulinda maadili yake, na kwamba kutovumilia, ghadhabu na kinyaa ndizo nguvu zilizo nyuma ya sheria ya maadili. H.L.A. Hart akamjibu kwa kitabu mwaka 1963: watu kuchukizwa si ushahidi kwamba wamedhuriwa. Martha Nussbaum akaja 2004 akaenda mbali zaidi: kinyaa kinatokana na kuogopa miili yetu wenyewe, jasho lake, harufu yake, kuoza kwake, halafu tunalitupia kundi la watu tuliolichagua ili sisi tuonekane safi. Kwa sababu hiyo anasema hasira inaweza kuwa shahidi mbele ya sheria, maana hasira inataja dhara, unaweza kuiuliza "nani kaumia?". Kinyaa ukikiuliza hivyo kinarudia tu "yak".

#31 Bwana Kinyaa
Ndugu na dada, watu wazima, wamekubaliana, wamejikinga, hakuna aliyejua, hakuna aliyeumia. Sema ni sawa. Nakusubiri.

#32 Tafakuri
Hilo ni swali la mwanasaikolojia Jonathan Haidt, aliliweka kwenye makala yake ya 2001. Watu walisema ni vibaya, wakatoa sababu, kila sababu ikaonekana haipo kwenye hadithi, wakabaki wanasema "sijui kwa nini, ila ni vibaya tu". Haidt akahitimisha kwamba hisia inatangulia, akili inakuja nyuma kama wakili. Na mimi, kwa ukweli wote, nikiisoma nabaki palepale na hao watu. Sina sababu safi. Kwa hiyo sikushindi.

#33 Bwana Kinyaa
Heshima kwako. Wengine wangetoa povu.

#34 Bi Sauda
Nimewasoma tangu asubuhi, wanaume mnataja hasira, kinyaa, ashiki. Hakuna aliyetaja haya.

Kiswahili kinatofautisha haya na aibu. Haya inakuja kabla: inakushika mkono kabla hujatenda. Aibu inakuja baada, na mara nyingi inaletwa na macho ya watu. Mtu asiye na haya ni tusi. Mtu mwenye aibu ni wa kuhurumiwa. Augustino kwenye kitabu cha kumi na nne cha Mji wa Mungu aliona kitu cha ajabu: mkono wangu nikiuamuru unatii, lakini viungo vya uzazi vinaamka na kulala vinavyotaka. Akasema ndiyo chanzo cha binadamu kujifunika, ile kutotii. Yeye aliona ni adhabu ya dhambi ya kwanza. Mimi naona zaidi ya hapo. Haya inalinda mahali ambapo siwezi kujitawala, kwa hiyo nikimfunulia mtu nimempa kitu ambacho hata mimi sikimiliki vizuri. Anayekipokea kwa pupa hajavunja sheria yoyote. Amekosa haya tu. Na hilo si neno dogo.

#35 Ibn Bahari
Bi Sauda, umefunga mlango na ufunguo umeenda nao.

#36 Jicho la Tatu
Ameufunga kwa wanawake zaidi. Haya hiyohiyo ndiyo iliyomfanya Mama Pacha aseme "haya" miaka sita. Hata neno ni lilelile!

#37 Bi Sauda
Neno ni lilelile kwa sikio tu, mwanangu. Ila nimekuelewa. Sina jibu la haraka.

#38 Fundi Saa
Kuna mkono mwingine kwenye falsafa ambao sijaacha kuufikiria tangu nisome wa Mama Pacha. Sartre, kitabu cha 1943. Mwanamke ametoka na mwanamume kwa mara ya kwanza. Mwanamume anaushika mkono wake. Akiuacha, amekubali. Akiuondoa, ameharibu jioni. Basi anauacha, ila hatambui kwamba ameuacha: anapanda juu kwenye mazungumzo ya maisha na roho, na mkono unabaki kati ya viganja vya yule bwana, haukubali, haukatai, kitu tu. Sartre anaita hali hiyo kujidanganya. Mwanamke anakwepa uhuru wake.

Miaka yote nilikuwa naufundisha mfano huo kama Sartre alivyouandika. Leo nimejiuliza: kwa nini lawama yote imeenda kwa mwenye mkono? Yule bwana alikuwa ameushika. Hakuona kwamba ni kitu tu?

#39 Kipanga
Na mimi nauliza: angeuliza, si angeambiwa ameharibu jioni?

#40 Mama Pacha
Huyo Sartre ameusimulia mkono vizuri kweli. Haukubali, haukatai. Lakini mimi sikuwa nimepanda juu kwenye mambo ya roho. Nilikuwa nawaza kama nimefunga bomba.

#41 Kengewa
Hapo Thomas Nagel anasaidia kidogo, 1969. Anasema hamu iliyokamilika si mimi kukutamani tu. Ni mimi kuhisi kwamba unanitamani, nawe kuhisi kwamba nimehisi, na kila mmoja anazidi kuwaka kwa kujua hilo, kama vioo viwili vinavyotazamana. Kwa Mama Pacha kioo kimoja kilikuwa kinaonyesha bomba. Sasa Nagel mwenyewe ni mwangalifu: kukosa ukamilifu si lazima kuwe kosa la maadili, kunaweza kuwa upungufu tu. Labda ndiyo maana ubaya ule hauna mwenyewe. Haukuwa kosa, ulikuwa upungufu wa wawili.

#42 Muuguzi wa Usiku
Siafiki. Upungufu haukufanyi ulale kama mtu anayetolewa damu.

#43 Mchokonozi
Niko na Muuguzi. Na namrudia Aristotle: kama hisia zinafunzika, basi mtu anaweza kulaumiwa kwa kutojifunza kumsikia mwenzake. Si kwa kutojua siku moja. Kwa kutotaka kujua mwaka mzima.

#44 Kipanga
Na anayesema haya badala ya hapana mwaka mzima, yeye hajafeli somo lolote?

#45 Mama Pacha
Nimefeli. Sikukatai Kipanga.

#46 Zulia
Mama Pacha, ukiona inafaa: ikawaje baada ya kochi?

#47 Mama Pacha
Alikaa wiki tatu hajaomba. Halafu tukakubaliana neno "haya" lisitumike tena, iwe ndiyo au hapana. Mara ya kwanza nilipotamka hapana ilinitoka kama nakohoa. Akasema "asante", akalala, na nikasikia anakoroma kweli, haigizi. Siku hizi ndiyo yangu ni ndiyo.

Ila kuna kitu sikukitegemea. Mwezi uliopita niliomba mimi. Akasema hapana, amechoka. Nilinuna siku mbili.

#48 Utingo
Na siku ya tatu?

#49 Mama Pacha
Siku ya tatu alisema ndiyo.

#50 Utingo
Ndiyo ya namna gani?

#51 Mama Pacha
Sijamuuliza.